Sekunde Arobaini Baada ya Mzee Mkude

Vijana wangu, nasikia siku hizi mnapanga majaribio mamia kwa mamia, mnabonyeza kitufe kimoja, mnakwenda kunywa kahawa yenye povu. Mkirudi mnakuta alama za kijani zimejipanga kwenye kioo cha kompyuta, mnapeana mikono. Hongereni sana. Mimi shangazi yenu Zaina, ambaye siku hizi kazi yangu ni kugombana na kuku wa jirani wanaomaliza mchicha wangu hapa Bigwa, nilikuwa mmoja wa watu wa kwanza mjini Morogoro kukiamini kitufe. Nilikiamini kwa moyo mkunjufu, na kwa imani hiyo hiyo nusura nimpoteze binti wa watu.

Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji. Kiwanda kilikuwa cha umma Ijumaa, Jumatatu kina mwekezaji, na mlinzi wa getini ni yule yule ila amebadilishiwa kofia. Wawekezaji walikuja na mashine zilizochoka huko zilikotoka, na kompyuta za mitumba ambazo ukizifungua unakuta vumbi la nchi nyingine. Ndani ya kompyuta hizo mlikuwa na kadi za kupima uzito, kadi za kusoma joto la tanuri, na madude mengine ambayo walioyatengeneza walishafunga duka. Mwekezaji alitaka vyote vifanye kazi kwenye mfumo mpya wa bure, usiodai leseni, maana soko huria lina kanuni yake: uhuru ni wake, tabu ni zenu.

Hapo ndipo kampuni yetu ilipoingia. Nikisema kampuni msidhani ghorofa. Ni vyumba viwili nyuma ya duka la mabati na misumari. Mkurugenzi wetu kabla ya soko huria alikuwa mtunza ghala, baada ya soko huria akawa na suti na kadi yenye jina lake kwa herufi za kung'aa. Alikuwa hajui kompyuta hata chembe, na nadhani ndiyo maana alikuwa na uhakika na kila kitu. Tulikuwa tunaandika draiva, yaani zile programu ndogo zinazoingia ndani kabisa ya mfumo ili kompyuta iweze kuzungumza na kadi. Draiva mbaya haikosei peke yake kama programu nyingine. Inaua kompyuta nzima.

Ndani ya mfumo kuna kiini, tulikiita kerneli, ambacho ndicho kinachoshika mambo yote. Draiva ikifanya ovyo, kerneli inatoa ujumbe. Mara nyingi ujumbe wenyewe ni mistari ya tarakimu, haueleweki mpaka uuchambue kwa kalamu. Lakini sentensi ya mwisho kabla ya kompyuta kuganda ndiyo yenye habari yote. Kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuikamata hiyo sentensi ya mwisho. Wengine huandika katika wasifu wao maneno makubwa makubwa. Mimi nilikuwa mpokea maneno ya mwisho.

Nilianza kwa ujinga wa kawaida. Nilielekeza ujumbe wote wa kerneli uandikwe kwenye diski ya kompyuta ile ile inayojaribiwa. Kompyuta inakufa, naiwasha, nafungua faili, nakuta maneno yanaishia mahali penye amani kabisa, hakuna ugomvi wala lawama. Nilifanya hivyo kwa wiki tatu. Siku moja Mzee Mkude, fundi wetu mkuu, akaja kusimama nyuma yangu na kikombe chake cha bati.

"Zaina mwanangu," akasema, "huyo anayeandika kwenye diski ni nani?"

"Ni kerneli, Mzee."

"Na aliyekufa ni nani?"

Akanywa chai yake, akaguna. "Basi endelea kumsubiri marehemu akuandikie alivyokufa. Huenda akapata nafasi."

Ndivyo nilivyofundishwa. Mzee Mkude hakuwa mtu wa kukutukana, alikuwa anakuuliza maswali mpaka unajitukana mwenyewe. Nilichukua kompyuta ya pili, nikaiweka pembeni, nikavuta waya kutoka kwenye tundu la pini tisa la nyuma ya ile ya kwanza. Kompyuta inayojaribiwa tukaiita Mgonjwa, ya pili tukaiita Msikilizaji. Mgonjwa akisema neno, linapita kwenye waya papo hapo, Msikilizaji analiandika kwake na kulichapa kwenye printa ya utepe, ile yenye kelele za kusaga meno. Mgonjwa akifa, maneno yake yameshafika.

Siku ya kwanza hayakufika. Siku ya pili hayakufika. Siku ya tatu Mzee akauinua waya, akautazama, akaniuliza kama mdomo wa huyu umeelekezwa kwenye sikio la yule au kwenye mdomo wake. Nilikuwa nimeunga pini ya kusemea na pini ya kusemea. Kompyuta mbili zimekaa siku tatu zinaongeleana usoni, hakuna anayesikia, kama kikao cha wanandoa. Nikazipisha zile nyaya mbili, printa ikaanza kusaga. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

Mzee alikuwa fundi wa redio katika shirika moja la umma, hadi walipompunguza na kumpa barua ya shukrani aliyoitunza ndani ya bahasha ya nailoni. Utu uzima ulishamwingia alipojifunza kuandika programu, akazijua kuliko sisi. Alitoka na desturi moja kwenye redio zake. Akishatengeneza redio hakumrudishia mwenyewe hapo hapo. Aliiwasha, akaiacha inaimba, akaketi kunywa chai yote, taratibu, na mkate. Chai ikiisha na redio bado inaimba, ndipo anafunga skrubu. Na draiva zetu alitaka hivyo hivyo: jaribio likiisha, acha Msikilizaji wazi mpaka chai iishe.

Tulimheshimu sana. Tulimheshimu na kumwona wa zamani, vitu viwili vinavyokwenda pamoja vizuri tu, nyie wenyewe mnajua, maana ndivyo mnavyonitazama mimi.

Ikafika siku Mkurugenzi akarudi kutoka semina Dar es Salaam na neno jipya. Neno lenyewe ni ufanisi. Akasimama mlangoni na saa yake ya mkononi, akatupima tunavyofanya majaribio kwa mkono: kupakia draiva, kuweka jiwe juu ya mizani, kusoma, kupakua draiva, kunywa chai. Hasa hiyo chai ilimkera. Akaniagiza niandike programu ya kufanya yote yenyewe, bila mtu, bila kupoteza hata sekunde. Niliifanya kazi hiyo kwa bidii ya kutisha. Nikaandika maagizo: washa Mgonjwa upya, fungua Msikilizaji, jaribu draiva ya kwanza, itoe, jaribu draiva ya pili, itoe, funga Msikilizaji, zima Mgonjwa, chapa ripoti. Raundi nzima ikawa ya dakika chache. Chai nikaifuta. Kwenye maelezo ya programu niliiita muda usiotumika.

Ilibaki kupanga nani awe wa kwanza. Draiva zilikuwa mbili. Ya mizani ilikuwa ya Mzee Mkude, toleo jipya ambalo halijaonja chai. Ya joto la tanuri ilikuwa ya Domitila, binti mgeni aliyekuwa na miezi miwili tu kazini. Sikufikiri hata kidogo. Nikamwandika Mzee juu, Domitila chini. Nimelelewa. Siwezi kumtanguliza mtoto mbele ya mtu mzima, iwe kwenye sinia la pilau au kwenye faili la kompyuta. Mashine yenyewe haikuwa na maoni.

Ngoja niwaeleze habari za Domitila, maana jambo zima ni lake. Alitoka Mgeta, huko juu mlimani wanakolima kabichi na njegere kwenye miteremko ambayo mimi hata kusimama siwezi. Wazazi wake ni watu wa misheni, yeye akasomeshwa na masista, akashika hesabu mpaka akawashinda wanaomfundisha. Sasa kwetu Waluguru ardhi inafuata upande wa mama, na Domitila alikuwa binti pekee. Shamba lilikuwa linamsubiri yeye, na mjomba wake ndiye mwenye kauli. Mjomba alikubali ashuke mjini kwa sharti: miezi mitatu ya majaribio, na kama hawakumwajiri, anapanda na lori la mboga linalorudi, anakwenda kukaa kwenye ardhi ya mama yake, na habari za kompyuta hazizungumzwi tena. Aliniambia haya mwenyewe, kwa lafudhi yake ya mlimani, wakati tunachambua njegere alizoniletea. Hakulia. Alisema tu, "Dada Zaina, shamba nalipenda. Lakini nikirudi nataka nirudi kwa kupenda."

Basi nikabonyeza kitufe changu. Mzee: amefaulu. Domitila: Mgonjwa kaganda, Msikilizaji kachapa mistari ya tarakimu, na tarakimu zile nilipozichambua kwa kalamu zilielekeza pale pale kwenye kumbukumbu ilipokuwa imekaa draiva ya Domitila. Nikarudia. Mzee: amefaulu. Domitila: Mgonjwa amekufa. Nikarudia kesho yake, keshokutwa, wiki nzima. Kila raundi vile vile. Unataka ushahidi gani tena?

Domitila akapekua draiva yake mstari kwa mstari. Akaandika upya nusu nzima. Mgonjwa akaendelea kufa.

"Dada Zaina," akaniambia, "kwenye meza yangu nikiijaribu peke yake inakaa siku nzima. Haigandi."

Nikamjibu kwa ile sauti yenu ya wataalamu: "Kila mtu kwenye meza yake ni mzima, Domi."

"Basi nianze mimi. Raundi moja tu, nitangulie mimi, Mzee afuate."

Hapo nikamgeukia kabisa. "Umtangulie Mzee Mkude? Huko Mgeta hamkufundishwa? Draiva yako ndiyo mbovu, halafu unataka ikae mbele ya ya kwake?"

Akasema, "Samahani, Dada." Akarudi kwenye kiti chake. Haya maneno nimeyakumbuka miaka yote, na kila nikiyakumbuka natamani kujizaba kofi. Msichana aliniomba jaribio sahihi kabisa, jaribio ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya bila kuombwa, nikamjibu kwa somo la adabu.

Mkurugenzi alisoma ripoti zangu kwa furaha. Alipenda zilivyopangika. Siku ya miezi mitatu ya Domitila ilikuwa inaangukia Ijumaa, akasema saa tisa alasiri atapita kuchukua ripoti ya mwisho yenye saini yangu, na kama bado ni ile ile, atampa barua ya kumwachisha kazi. Barua yenyewe akaniamuru niichape mimi mapema. Nikaichapa. Tena nilisahihisha na koma.

Ijumaa hiyo asubuhi niliinama chini ya meza ya Domitila kufuata waya uliolegea, nikaona begi. Begi la safari, limefungwa zipu, limejaa. Nikabaki pale chini nimeinama, nimeushika waya, nikajifanya bado nautafuta. Yeye juu yangu alikuwa anaendelea kubonyeza, anasahihisha draiva ambayo haikuwa na la kusahihishwa.

Adhuhuri Mzee Mkude akatawadha, akavaa kanzu yake, akaenda msikitini. Ofisini tukabaki wawili. Nikamtazama Domitila, nikatazama mlango. Sasa mkubwa hayupo, heshima inaweza kupumzika kidogo.

"Domi," nikasema, "lete. Utangulie wewe."

Sikumtazama usoni wakati nahamisha majina. Domitila juu, Mzee chini. Nikabonyeza. Domitila: amefaulu. Sasa zamu ya Mzee, nikasubiri Mgonjwa afe mikononi mwake. Mzee: amefaulu. Msikilizaji akafungwa, Mgonjwa akazimwa, ripoti ikatoka. Wote wamefaulu. Karatasi nyeupe, safi, hakuna tarakimu hata moja.

Mwenzenu nikashangilia. Nikachukua kalamu kabisa niweke saini. Nikamwambia Domitila, umepona, mshukuru Mungu wako, sijui nini kimetokea lakini umepona. Nilitegemea arukeruke. Yeye akaishika ile karatasi, akaikunjia uso.

"Wiki tatu limetokea kila siku," akasema. "Leo liko wapi?"

"Limeondoka. Kwani unalidai?"

"Dada Zaina, kosa haliwezi kuwa limepanda Mgeta kulima kabichi. Liko humu humu. Ukisaini hivi, wiki ijayo litaua kompyuta ya tanuri kiwandani, watu wako karibu na moto. Na jina langu ndilo litakalokuwa pale."

Huyo ni mtu ambaye begi lake lilikuwa chini ya meza. Ningekuwa mimi ningesaini kwa mikono miwili.

Tukaitazama ile orodha ya maagizo yangu. Yeye ndiye aliyeweka kidole kwenye mstari wa mwisho, pale paliposema funga Msikilizaji. "Anayemaliza," akauliza, "anasikilizwa kwa muda gani baada ya kumaliza?"

Nikamwambia ukweli. Hata sekunde moja. Niliifuta chai.

Nikaufuta huo mstari. Nikapanga tena: Domitila juu, Mzee chini, Msikilizaji asifungwe, Mgonjwa asizimwe. Nikabonyeza, kisha, kwa kuwa sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikamimina chai kutoka kwenye chupa. Nikamwona Domitila anainywea yake kwenye kifuniko cha chupa.

"Kikombe chako kiko wapi?"

"Kwenye begi," akasema.

Draiva yake ikapakiwa, ikasoma joto, ikatolewa. Ya Mzee ikapakiwa, ikapima jiwe, ikatolewa. Amefaulu, amefaulu. Kioo kimetulia. Tukanywa. Mimi nilikuwa nimefika nusu ya kikombe, na saa ya Msikilizaji ilikuwa inahesabu sekunde ya arobaini tangu draiva ya Mzee itoke, printa ilipoanza kusaga. Mistari ile ile. Tarakimu zile zile. Mgonjwa kaganda, na wakati huo hapakuwa na draiva yoyote ndani yake.

Tukarudia mara tatu. Mara tatu zote sekunde arobaini. Kisha tukajaribu draiva ya Mzee peke yake, bila Domitila kabisa. Sekunde arobaini.

Mnaona sasa? Kwa wiki tatu kosa la mkubwa lilikuwa linachelewa sekunde arobaini, na ndani ya sekunde hizo mimi nilikuwa nimeshamkaribisha mtoto akae mahali pale pale. Kerneli ilisema kweli. Iliniambia mahali. Haikuniambia nani alikuwa anakaa hapo kabla, na mimi sikuuliza. Nilipokuja kumwandika Mzee mwisho, nikaziba masikio kabla kosa halijafika, nikaita hiyo afya.

Sasa vijana wangu, kujua kosa ni kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa inaingia mlangoni imevaa kanzu. Ilikuwa imekaribia saa nane na nusu. Mzee Mkude alivua viatu vyake vya msikitini, akavaa ndala, akauliza mbona tumekaa kama tunasubiri maiti.

Nikaanza mimi, mtu mzima wa ofisi, hodari wa maneno. "Mzee, unajua, mitambo hii ya mitumba, na umeme wetu wenyewe huu, wakati mwingine inaweza ikatokea hali fulani ambayo..." Nilizunguka hivyo mpaka nikapotea mwenyewe. Mzee akawa ananitazama tu. Nilikuwa tayari kuandika hitilafu ya umeme kwenye ripoti. Kweli nilikuwa tayari. Umeme wa Morogoro umeshabeba lawama za watu wengi, nikaona hautashindwa na moja zaidi.

Domitila akasimama. Alishamwamkia asubuhi, akamwamkia tena.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Kosa ni la kwako, Mzee. Si langu."

Mimi nikatazama sakafu. Nilisikia mpaka mabati yanavyopakuliwa kwenye lile duka la mbele. Mzee Mkude akanyoosha mkono, akasema, "Lete hiyo karatasi."

Akasoma mistari yote, kidole chini ya kila tarakimu. Akaketi kwenye meza yake, akafungua draiva ya mizani, akashuka hadi chini kabisa, mahali draiva inapojiaga na kutoka. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu.

"Mizani ile inatetemeka," akasema, "kwa hiyo niliiomba kerneli iniamshe kila baada ya muda nikaisome tena. Nimetoka, sikuiambia isiniamshe. Ni sawa na mtu kapanga chumba, kamwambia mlinzi amgongee mlango alfajiri. Kahama bila kuaga. Kahamia mwingine. Mlinzi kaja kugonga kwa nguvu zote." Akanigeukia. "Na nyinyi mkamkamata mpangaji mpya kwa kelele."

Akaandika mstari mmoja. Mmoja tu, wa kumwambia mlinzi asigonge. Tukajaribu, tukasubiri, tukamaliza chupa nzima ya chai. Kimya. Akaniomba ripoti. Nikamnong'oneza, "Mzee, tunaweza kuandika umeme. Mkurugenzi hajui." Nilimwogopea. Alikuwa ameshapunguzwa mara moja maishani, na Mkurugenzi alikuwa na karatasi nyingi za kuchapia barua.

"Umeme umefanya nini tena?" akaniuliza. Akashika kalamu, akaandika kwa mwandiko wake wa fundi wa redio: kosa lilikuwa katika draiva ya mizani, mwenye kosa Mkude, limerekebishwa. Akaweka saini. Nilidhani amemaliza. Akanisogezea ile karatasi na kalamu juu yake.

"Kuna la pili hapo," akasema. "Nani alimfunga Msikilizaji kabla ya chai?"

Nikaandika. Nimeandika ripoti nyingi katika kazi yangu, hiyo ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuliko zote, na ina mstari mmoja. Domitila hakuandikiwa chochote, maana hakuwa na chochote.

Mkurugenzi akafika saa tisa kamili, saa yake ya mkononi mbele. Barua ya kufukuza iko kwenye bahasha kwapani. Akasoma ripoti, akaigeuza nyuma kuona kama kuna nyingine, akasoma tena.

"Kwa hiyo ufanisi..." akaanza.

"Ulifanya kazi vizuri sana," nikamwambia. "Tumekosea kwa kasi ya ajabu."

Akaguna. Akauliza kama mteja amejua, tukamwambia hajajua. Akauliza kama imepona, tukamwambia imepona. Basi akawa hana tena shida na mtu. Akataka barua ya kumthibitisha Domitila, na kwa kuwa nilikuwa na uzoefu, nikaambiwa niichape mimi. Hiyo sikungoja kusahihisha koma. Mzee Mkude hakuna aliyemgusa. Alikaa nasi hadi macho yalipomkatalia kusoma tarakimu.

Lakini siwezi kuwaacha na Mkurugenzi, hastahili. Alipoondoka, Domitila alivuta lile begi kutoka chini ya meza, akalifungua zipu. Akachimba chini ya nguo, akatoa kikombe chake cha udongo chenye mpini uliovunjika, akakipangusa kwa ncha ya kitenge, akakirudisha rafuni karibu na kile cha bati cha Mzee. Nilitaka kumwomba radhi kwa maneno mazuri. Nilikuwa nimeyapanga. Nilipofungua mdomo nikasema tu, "Domi, nisamehe. Uliniomba jambo dogo nikakunyima."

Akanitazama, hakuharakisha kunijibu, na alikuwa na haki.

"Jumatatu naanza mimi," akasema.

Nikakaa mbele ya kioo hapo hapo, Ijumaa ile ile, nikaliandika jina lake juu, la Mzee chini yake, na mstari wa tatu nikaandika chai.